Wito wa Mama Kanga

Alhamisi ile nilitoka nyumbani saa kumi na nusu jioni, kwenda kuwalaza kanga.

Kuwalaza si kuwaimbia. Kanga wa porini, jua likikaribia kuzama, hupanda mti mmoja kundi zima, wakalala humo, na alfajiri hushukia palepale. Kwa hiyo mwindaji mwenye akili haendi kuwatafuta asubuhi. Huenda siku moja mbili kabla, jioni, akajificha, akasikiliza ni mti gani wamepanda, akahesabu, kisha akarudi kwake kimya. Siku ya kuwinda anafika pale gizani na kulala kifudifudi akingoja mwanga. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naenda kuifanya, na kwa kweli nilikuwa naipenda.

Mpango tuliupanga Jumatatu, mimi na mzee Eliufoo, uani kwake pale Mhezi, huku akianika baruti juu ya ngozi ya mbuzi. Enzi hizo za Mwingereza, miaka minne kabla ya vita vya Hitla, gobori lake ndilo lililokuwa na karatasi ya ruhusa ya boma la Same. Mengine yote kijijini yalikuwa yamefichwa darini, na kila mtu alijua ni dari ya nani. Eliufoo angepiga, mimi ningeita. Nilikuwa na filimbi yangu ya mwanzi, yenye ulimi wa ngozi ya kibofu cha mbuzi, na hakuna aliyeniweza.

"Unaita vizuri kuliko unavyoimba kanisani," aliniambia mzee, akicheka.

Kisha akaacha kucheka.

"Jioni, ukienda kuwalaza, ita kama kifaranga aliyepotea. Kundi litakujibu kutoka mtini, utajua liko wapi. Usiite kama mama."

"Kwa nini, mzee?"

"Mama akiita, wanakuja."

"Si ndicho tunachotaka?"

"Alfajiri, ndiyo. Jua linatoka, na mimi nina bunduki. Jioni hujui ni nani hajarudi kwao."

Niliitikia ndiyo mzee, na moyoni nikamcheka. Nilikuwa nimesoma madarasa manne kwa wamisheni, naimba sauti ya tatu, najua kuandika barua. Mambo ya wazee niliyaona ni ya wazee. Leo nikimkumbuka yule kijana niliyekuwa, ninatamani kumchapa kofi.

Sasa niseme kwa nini tulihitaji kanga.

Jumapili ile mwanangu Anaeli alikuwa abatizwe. Alikuwa na miezi sita, mtoto wa kwanza, wa kike, mnene, mwenye kicheko cha kukatika pumzi. Na siku nane kabla ya Alhamisi ile, mke wangu Ruthi alipokuwa akimnyonyesha, aligutuka, akaniita kwa mkono. Nikainama, nikatazama mdomoni mwa mtoto.

Meno mawili. Ya juu.

Kwetu Upareni, zamani, mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, na kigego hakulelewa. Ilisemekana ataumaliza ukoo. Wazee walimbeba asubuhi moja hadi jabali moja kule chini, kwenye mteremko unaotazama nyika, na walirudi bila yeye. Mama yake hakuruhusiwa kulia. Mtoto hakupewa kaburi, wala jina lake halikutajwa tena. Serikali ilikuwa imekwisha kataza, kanisa limekataza, na watu walisema mambo hayo yameisha. Lakini bado ulikuwa unasikia mtoto fulani alilala vizuri na asubuhi hakuamka. Ukiuliza sana, watu wanabadili mazungumzo.

Tuliogopa. Na tuliyemwogopa kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi, Zipora, aliyekaa nyumba ya pili, hatua ishirini kutoka mlangoni petu.

Mama alikuwa mwanamke wa maneno machache. Hakuwahi kunipiga, na hakuwahi kuniimbia. Alibatizwa mtu mzima, akawa haikosi ibada, lakini alikuwa na namna ya kumtazama Anaeli kwa muda mrefu kisha kugeuka ghafla na kwenda kuchota maji ambayo tayari yamechotwa. Kwa siku zile nane Ruthi alimnyonyesha mtoto chini ya leso yake na kumfunika uso kila mama alipoingia. "Ana mafua," tulisema. Mama aliitikia tu.

Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Mtoto abatizwe haraka, aingizwe kwenye kitabu cha mchungaji. Wiki mbili tatu yatatokea meno ya chini, na habari itakuwa imeisha. Na siku yenyewe kuwe na nyama ya kutosha, maana watu wakishika paja la kanga hawachungulii midomo ya watoto. Ndiyo maana nilitaka ndege wengi. Nilitaka wa kuwafumba macho watu wote wa usharika.

Nikashuka.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza wiki mbili nyuma na njia ilikuwa tope jekundu. Nilipita mashamba ya maharage, nikafika kwenye ndiva yetu ya chini, lile bwawa tulimokusanya maji ya mfereji. Hapo ndipo kanga walipokuwa wakinywa, na mpango wetu na Eliufoo ulikuwa mkuyu ulio kando yake. Nikajibanza, nikangoja.

Hakuja hata mmoja.

Kwenye tope niliona nyayo zao, nyingi, mbichi. Zilikuwa zimetoka majini na kuelekea chini zaidi. Nikasikiliza. Mbali, upande wa nyika, ikaja ile kelele yao ya jioni, kama mlango mbovu unaofunguliwa na kufungwa. Ke-kwee, ke-kwee. Kundi kubwa. Nilijua kabisa wako wapi.

Jabali lile watu hawakulipa jina. Walisema tu "kule chini." Hakuna aliyekata kuni huko, wala aliyechunga. Sasa akili yangu ya mwindaji ikaniambia: pasipo na watu ndipo penye ndege. Ilikuwa fikra sahihi kabisa, na ndiyo iliyoniponza.

Nilifika chini ya jabali jua likiwa limegusa nyika. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni. Juu yangu mwamba ulikuwa umesimama mweupe, na kando yake mgunga mmoja mkubwa, na kwenye mgunga ule, Mungu wangu, kanga walikuwa wanapanda mmoja mmoja kwa kishindo cha mbawa. Nikahesabu kumi na tisa. Ishirini na nne. Nikatabasamu peke yangu. Nilikuwa nimekwisha kuona masufuria.

Kisha jua likazama, na kanga wakanyamaza.

Wote.

Kwa pamoja.

Kanga hawanyamazi hivyo. Wakipanda mtini hugombana, hulalamika, husukumana mpaka giza liingie sawasawa. Wale walikuwa wamejikunyata, vichwa ndani, hawatikisiki. Nilitaka kuhakikisha hesabu yangu, nikatoa filimbi, nikaita kama kifaranga aliyepotea. Pii... pii... pii.

Hakuna aliyejibu.

Nikaita tena. Kimya. Nikaudhika, na hapo kiburi changu kikapanda. Mimi ambaye hakuna aliyeniweza, nidharauliwe na ndege? Nikageuza filimbi pembeni mwa mdomo na kuita wito wa mama. Ule wa jike anayekusanya watoto wake usiku unapoingia, wa chini chini, wa polepole, wa kubembeleza. Ke-kwee. Ke-kwee. Njooni.

Kutoka kwenye nyasi, upande wa jabali, kitu kikajibu.

"Pii."

Nikafurahi. Kumbe kuna vifaranga! Nikaita tena, laini zaidi.

"Pii," ikajibu ya pili, kushoto.

"Pii." Nyuma yangu.

"Pii... pii... pii..."

Zilikuwa nyingi, ndogo, zikitoka chini kabisa ya mwamba, na kila nilipoita ziliongezeka na kusogea. Nikatabasamu, na nikiwa bado na lile tabasamu, hesabu nyingine ikanijia kichwani, ya miezi.

Masika ndiyo kwanza yameanza. Kanga wanatafutana tu sasa. Hawajataga.

Hakuna vifaranga mwezi huu.

Mkono wangu ukashuka na filimbi. Harufu ikanifikia. Haikuwa harufu mbaya, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Ilikuwa harufu niliyoiacha nyumbani muda si mrefu, ya utosi wa mtoto mchanga, ya maziwa yaliyoganda shingoni.

Nyasi zilikuwa zinatikisika. Si juu. Chini. Zilikuwa zinafunguka kwa mistari myembamba, kama zinavyofunguka mtoto anapotambaa, na mistari yote ilikuwa inakuja kwangu.

Mmoja akapata kwikwi.

Kisha akacheka.

Nilisali, lakini sala niliyoikumbuka ilikuwa ile ya kabla ya chakula. Kitu kikagusa upindo wa koti langu. Kikashika. Vidole vitano, vidogo, baridi, vikashika kwa nguvu zote za mtoto anayejifunza kusimama, na kikajivuta juu.

Sikutazama chini. Naapa sikutazama. Nililivua koti nikaliacha mkononi mwake, nikakimbia.

Njia ile ya kupanda mtu mzima huiendea kwa saa nzima. Sijui niliipanda kwa muda gani. Nilianguka mara tatu, panga likanipotea, filimbi tu ikabaki mkononi, kinywa kilikuwa na ladha ya damu. Na nyuma yangu, bila haraka, bila kuchoka, zilikuwa zinakuja. Pii... pii... Nilipokimbia zilibaki umbali uleule. Niliposimama kuvuta pumzi zilisimama, zikaningoja, kama wanavyomngoja mama aliyeweka mzigo chini.

Hapo ndipo nilipaswa kufikiri. Hapo ndipo nilipaswa kugeukia njia ya kwa Eliufoo, au kanisani, au popote pale. Mtu akiogopa huenda kwake. Nikaenda kwangu, moja kwa moja, nikawapeleka hadi mlangoni pa mwanangu.

Ruthi alikuwa anakoroga makande. Nilifunga mlango, nikaweka gogo, nikaketi chini nikiegemea mbao.

"Baba Anaeli! Koti lako liko wapi?"

"Zima koroboi."

"Kuna nini?"

"Zima."

Akazima. Tulibaki na makaa ya jikoni. Anaeli alikuwa amelala kitandani. Nje palikuwa kimya, hata vyura wa mferejini walikuwa wamenyamaza. Nikaanza kujiambia ni kichaa tu, ni njaa, ni woga wa siku nane umeniharibu.

Krrr...

Kitu kikakwangua ukuta wa udongo, chini, karibu na msingi.

Krrr... Upande wa pili. Kisha pote, kuzunguka nyumba, viganja vidogo vikipapasa udongo, vikitafuta pa kushika.

"Pii."

Ruthi akanishika mkono. Kitandani, mtoto akaketi. Anaeli wetu alikuwa bado hajui kuketi. Aliketi wima, kwenye mwanga wa makaa, akageuza uso kuelekea mlangoni na kucheka kile kicheko chake cha kukatika pumzi, na meno yake mawili yakaonekana.

"Pii," akasema.

Huko nje papo hapo wote wakajibu.

Ruthi alimrukia, akamkumbatia. Mtoto akajinyonga mikononi mwake, akinyoosha mikono mlangoni, akilia kutaka kutoka. Na katikati ya kilio, tena, kwa sauti ile isiyokuwa yake:

"Pii."

Ndipo mlango ukabishwa. Mara tatu. Kwa mkono wa mtu mzima.

"Hezroni. Fungua."

Mama.

Tukatazamana na Ruthi. Nitasema ukweli kwa kuwa nimezeeka na sina wa kumdanganya. Tulikuwa na vile vitu nje, na bado mimi niliogopa zaidi kumfungulia mama yangu.

"Mtoto amelala, mama," nilisema.

"Hajalala. Ana meno mawili ya juu, na nje wanamwita. Fungua kabla hajaitika tena."

Ruthi alianza kutikisa kichwa, hapana, hapana. Nikaokota mchi wa kinu. Ndiyo, niliokota mchi nikausimamisha mkononi, kwa ajili ya mama yangu. Kisha nikaondoa gogo.

Aliingia akiwa peku, amefunga kaniki yake nyeusi kifuani, kichwa wazi. Nyuma yake uani sikuona kitu, ila niliona nyasi za ukingoni zikitulia. Akafunga mlango mwenyewe. Akautazama mchi, akanitazama. Alikwenda kwa Ruthi, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa ufizi taratibu.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Mke wako akimfunika mtoto uso kila nikiingia, nitaacha kujua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Mngekimbia naye. Mngefikiri nataka kumpeleka." Akatoa kidole. "Wa kwangu pia yalikuwa mawili."

Sikuelewa. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Ndivyo nilivyoambiwa maisha yangu yote.

"Wa kwako yupi, mama?"

"Wa kabla yako. Wa kiume. Waliniambia nikilia nitaita mwingine kama yeye, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka arobaini." Akasikiliza nje, kichwa kimeinama upande. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona juu yake, na ilinichukua miaka kujua kwamba ilikuwa hamu. "Uliwaitaje?"

"Kwa wito wa mama kanga."

"Basi hawana kosa. Umewaita kwa sauti ya mama na hukuwapa mama. Watamtafuta ndani ya nyumba hii mpaka wampate, au wachukue mwenzao waende naye. Ameitika mara ngapi?"

"Mbili," alinong'ona Ruthi.

"Asiitike ya tatu. Nipe hiyo filimbi."

Nilijua anataka kufanya nini. Watu wameniuliza baadaye, na mke wangu ameniuliza, na nimejiuliza mwenyewe kila masika: ulijua? Nilijua. Nikampa.

"Mzibeni mdomo," alisema. "Mwacheni pua. Mpaka msinisikie tena ng'ambo ya ndiva."

Mlangoni akasita, akarudi, akaniwekea kiganja kichwani kama nilivyokuwa nikiona mama wengine wakifanya kwa watoto wao. Mkono ulikuwa wa moto. Akatoka.

Niliweka kiganja changu juu ya mdomo wa Anaeli.

Nje filimbi ikalia. Ke-kwee. Ke-kwee. Mimi niliyejisifu sikuwahi kuita hivyo. Mkwaruzo wa ukutani ukakoma. Mwanangu akakakamaa mikononi mwangu, akavuta pumzi ndefu puani, na chini ya kiganja nilisikia sauti inapanda kooni mwake, inakuja. Nikabana. Akaniuma. Yale meno mawili yakazama kwenye nyama ya mkono wangu mpaka damu ikatoka, na sikuuondoa, na Ruthi alikuwa akilia akinibana mkono wangu kwa mikono yake miwili ili nisije nikalegea.

"Pii... pii..." Uani. Halafu kwenye migomba. Halafu njiani. Kati yao, filimbi, ikibembeleza. Na mara moja, moja tu, niliisikia sauti ya mama yangu bila filimbi. Alikuwa anaimba wimbo wa kulaza mtoto, kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, ambao sikuwahi kuusikia.

Ukashuka. Ukafifia. Ukavuka ndiva.

Anaeli akalegea, akalala.

Alfajiri nilikwenda kumwamsha mzee Eliufoo. Sikuhitaji kumweleza mengi. Alipoona mkono wangu na uso wangu, aliliacha gobori ukutani na kuchukua fimbo.

Tulimkuta chini ya jabali, ameegemea mwamba, miguu ameinyoosha. Alikuwa ameshakufa, mwili baridi. Mikono yake ilikuwa imepindwa mbele ya kifua, imebeba kitu ambacho hakikuwapo. Nyasi zote kumzunguka zilikuwa zimelala kwa viduara vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, karibu karibu. Koti langu lilikuwa limetandikwa magotini pake. Mgunga ulikuwa mtupu. Filimbi hatukuiona.

Eliufoo alipoinama kumfumba macho alirudisha mkono haraka.

"Hezroni," alisema polepole. "Mama yako alikuwa na miaka mingapi?"

"Sitini. Na zaidi."

Akanionyesha. Kaniki ya mama ilikuwa imelowa kifuani, na si kwa umande. Ilikuwa nyeupe pale ilipoanza kukauka, na ilinuka maziwa.

Tulimfunika kwa koti lile, tukambeba. Mchungaji aliandika baridi ya usiku. Hatukuwinda. Eliufoo hakulitumia gobori lake tena mwaka ule, na hakumpa mtu yeyote sababu.

Ubatizo ulisogezwa Jumapili moja mbele. Hatukumfunika tena. Maji yalipomgusa, Anaeli alifungua kinywa na kulia kwa nguvu, na kanisa zima likayaona meno yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono, nilikuwa nimejiandaa hata kupigana. Badala yake bibi mmoja, benchi la pili, mwanamke mkavu niliyemjua tangu utoto, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika. Kisha wa nyuma yake. Kisha mwingine kule dirishani. Vikongwe saba wa usharika wetu walilia siku ile, na waume zao walitazama sakafu, na mchungaji alisubiri na mtoto mkononi mpaka walipomaliza.

Hayo yamepita. Anaeli amekuwa mtu mzima, ameolewa Suji, ni mwenye afya na maneno mengi, na hajui lolote. Nimewakataza wote wasimwambie. Bibi yake hamkumbuki, wala hajawahi kumwona hata kwa picha.

Lakini kila masika yanapoanza, jioni, upepo ukitoka nyikani, wito ule husikika kutoka kule chini. Ke-kwee. Ke-kwee. Na wadogo hujibu. Wageni husema ni kanga. Hakuna kanga kule tangu siku ile.

Wiki iliyopita Anaeli alikuja kututembelea. Alikuwa jikoni anachambua maharage, anamsimulia mama yake habari za mawifi zake na kucheka, na mimi nilikuwa nimeketi mlangoni, mahali ninapoketi kila jioni ya masika akiwapo. Upepo ukageuka. Wito ukaja.

Akanyamaza katikati ya neno. Maharage yakamtoka mkononi. Akasimama, macho yametulia, akatabasamu kwa mlango kama mtu aliyeitwa na anayempenda.

"Abee, bibi," alisema.

Hiyo ni ya tatu.

Nikaweka mkono wangu, wenye makovu mawili, kwenye fremu ya mlango. Naye akaanza kutafuta viatu vyake.